Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Mpelelezi Mwenye Majonzi Anayemsaka Muuaji Mjini Mombasa

Anza na mpelelezi, wala si na muuaji. Waandishi chipukizi wengi humpa chupa ya pombe na talaka wakadhani wamekwisha kumtia dhiki, ilhali msomaji huiamini dhiki pale inapoingia kazini na kumpotosha. Ikiwa mdogo wake alizama Likoni, mwonyeshe akimhoji shahidi kivukoni huku ameyapa maji kisogo, na kwa ajili hiyo asikione kilichoelea nyuma yake.

Mauaji yasitambulikane mapema kuwa kazi ya mtu mmoja. Maiti moja ipatikane Kisauni, nyingine Changamwe, na kila kituo kiandike lake katika kitabu chake cha matukio. Kinachoziunganisha kitokane na mji wenyewe: tuseme muuaji huvizia bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa kupita kawaida, ambayo huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ili maji yanayopwa yamchukulie maiti. Hapo mvuvi wa Tudor atakuwa wa kwanza kuugundua mpangilio huo, na ni haki yake.

Jambo ninalokusihi usilipite mbio ni waliouawa. Waislamu huharakisha maziko, mara nyingi siku ile ile, naye mpelelezi anataka maiti ipasuliwe na daktari. Kaa katika tukio hilo. Mji wa Kale, majirani wamejaa barazani, sanda imeshakatwa, jeneza la msikiti limeegemezwa ukutani, na mpelelezi amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Mzee wangu, naomba unipe muda hadi alasiri."

"Mwanangu, muda ulikuwa nao binti yangu alipokuja kituoni kushtaki, mukamrudisha nyumbani."

Majibizano hayo yanatosha kumfanya marehemu kuwa mtu, na kumwongezea mpelelezi mzigo, bila ya maelezo marefu.

Sheria nayo ikubane. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama. Tena, ungamo alilopokea mpelelezi wa kesi mwenyewe halikubaliwi kuwa ushahidi. Sharti litolewe mbele ya jaji, hakimu au ofisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachostahili. Kwa hiyo, muuaji akimwungamia mpelelezi wako usiku wa manane, wakiwa wawili tu, mpelelezi atakuwa ameujua ukweli wote asiweze kuutumia, na sura inayofuata iandike kutokea hapo.