Soma namba kwanza, sensa utanunua baadaye

Kwenye rafu ya gereji yangu nina kopo la maziwa ya unga lililojaa sensa, vile vipimio vidogo vinavyoipa kompyuta ya gari habari, zilizotolewa kwenye magari ya watu. Za oksijeni, za joto la maji, za kupima hewa. Wenyewe waliniletea zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, na hadithi ni ile ile: taa ya injini iliwaka, mtu akachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mashine ikataja jina la sensa, ikanunuliwa nyingine. Siku mbili baadaye taa ikarudi. Nimezipima nyingi kati ya hizo na ni nzima kabisa.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Malindi, kwenye barabara ya kwenda Mambrui, kabla hujafika daraja la Sabaki. Naandika haya kwa mwenye gari aliyechoka kulipa, na kwa fundi kijana aliyenunua skana yake ya kwanza, yaani mashine hiyo ya kusomea, akadhani kazi imekwisha. Kusoma kompyuta ya gari si kazi ngumu, lakini kuna mpangilio wake, na ukiruka hatua utalipia.

Anza na tundu la kuchomekea skana. Liko chini ya deshibodi upande wa dereva, pana juu na jembamba chini, lina nafasi za pini 16. Marekani ililazimisha tundu hili kwenye magari madogo kuanzia ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Yetu mengi yametoka Japani, na hapo kuna mtego: magari kadhaa ya soko la Japani ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 yana tundu lile lile lakini hayaongei lugha ile ya kawaida. Ukichomeka kifaa kikawaka taa lakini kisipate jibu, usikitupe kabla ya kukijaribu kwenye gari jipya zaidi.

Kifaa chenyewe kinaweza kuwa skana ya mkononi yenye kioo chake, au kile kidude kidogo cha ELM327 kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Vidude hivyo vina nakala nyingi sokoni, na baadhi vimepunguzwa uwezo, vinaunganishwa vizuri kisha vinakwama katikati ya kazi. Muulize muuzaji kama atakubali ukijaribu kwenye gari lako pale pale. Akikataa, nenda duka la pili. Kwenye simu, programu kama Torque au Car Scanner inatosha kwa kila kitu nitakachoeleza hapa.

Ukichomeka na kifaa kisiwake kabisa, usianze kulaumu kompyuta. Pini ya 16 ndiyo inayoleta moto wa betri, na ya 4 ni ardhi ya bodi, yaani upande hasi. Pima kwa mita kati ya hizo mbili, upate kama volti 12. Usipopata, tafuta fyuzi. Kwenye magari mengi fyuzi hiyo ndiyo ile ile ya tundu la sigara, na mtu akichajia simu kwa chaja mbovu, inaungua bila yeye kujua.

Kikiwaka, washa swichi bila kuwasha injini, kisha soma misimbo, yaani alama za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi, kama P0171. Herufi ya kwanza inakuonyesha nyumba: P ni injini na gia, C ni breki na mambo ya chini ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Namba inayofuata ikiwa 0, msimbo ni wa wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni wa kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo tafuta maana yake kwa jina la gari hilo. Ya tatu, kwenye misimbo ya P, ni chumba: 1 au 2 ni petroli na hewa, 3 ni uchomaji, 4 ni moshi, 7 ni gia. Andika kila kitu kwenye daftari. Halafu fungua sehemu inayoonyesha hali ya gari wakati msimbo ulipohifadhiwa: injini ilikuwa na joto gani, inazunguka kiasi gani, gari linakwenda kasi gani. Piga picha. Usifute kitu bado.

Sasa nataka uone mazungumzo yenyewe mara moja tu, maana ukiyaona uoga unakwisha. Simu inatuma 010C. 01 ni kusema nipe hali ya sasa hivi, na 0C ni mizunguko ya injini. Kompyuta inajibu 41 0C 1A F8. Ile 41 ni 01 iliyoongezwa 40, ndiyo namna yake ya kusema hili ni jibu la swali lile. Kilichobaki kimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo A mpaka F ni 10 mpaka 15: 1A ni 26, F8 ni 248. Zidisha 26 kwa 256, ongeza 248, gawa kwa 4. Unapata 1,726, ndiyo mizunguko kwa dakika. Joto la maji ni rahisi zaidi: swali ni 0105, jibu likija 41 05 7B, ile 7B ni 123, toa 40, maji yana digrii 83.

Ile kutoa 40 ishike vizuri. Maana yake namba ya chini kabisa ambayo kompyuta inaweza kutaja ni hasi 40. Sasa asubuhi moja, gari limelala nje, unawasha swichi na skrini inasema maji yana hasi 40. Hapa Malindi! Hakuna baridi hiyo. Waya wa sensa umekatika au soketi imechomoka, na kompyuta haipati kitu. Shika waya kabla hujashika pochi.

Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kwanza kwa gari lolote ni cha asubuhi, kabla injini haijawashwa. Joto la maji na joto la hewa inayoingia yawe karibu sawa, na yafanane na asubuhi yenyewe, 26 au 28 hivi. Moja likitofautiana na lingine kwa digrii 15, nimeshapata pa kuanzia bila kufungua skrubu.

Kisha washa injini, iache ipate moto, uangalie maji yanapanda mpaka wapi. Hapa nitasema jambo linaloniuma. Kuna desturi huku pwani ya kutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, eti joto letu haliitaki. Gari likienda barabarani na upepo wa mbele, maji yanabaki 65 au 70 wakati injini nyingi zinataka 82 na kuendelea. Kompyuta inaamini injini bado ni baridi, inaendelea kuongeza petroli, na msimbo P0128, yaani maji hayafiki joto linalotakiwa, unaweza kuja. Mwenye gari analalamika gari linakunywa, anauziwa sensa ya oksijeni. Rudisha thamostati. Kama gari linachemka, tatizo ni radieta, feni, pampu au gasketi, na hilo litafute mahali pake.

Namba ninazozipenda kuliko zote ni masahihisho ya petroli. Kwenye skrini zimeandikwa STFT na LTFT. Ya kwanza ni ya papo hapo, ya pili ni mazoea ambayo kompyuta imejifunza. Zote ni asilimia. Zikiwa ndani ya 10 juu au chini sina wasiwasi. Zikipanda sana juu, kompyuta inaongeza petroli kwa sababu inaona hewa imezidi. Zikishuka sana, inapunguza.

Mama mmoja anayepeleka mboga Watamu aliniletea gari lake, Toyota Probox, yenye msimbo P0171, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Nikamwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Nimeshanunua sensa mbili. Ya tatu sina pesa yake."

"Leo hununui sensa, mama. Washa gari tu."

Injini ikinguruma bila kukanyagwa, LTFT ilikuwa 22 na STFT 6. Jumla 28. Nikamwambia kijana wangu akanyage mpaka 2,500 na ashikilie. Jumla ikashuka mpaka 7. Hapo jibu lilikuwa limeshakaribia. Ufa unaonyonya hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia bila kupita kwenye sensa ya hewa, huumiza sana injini ikiwa imetulia, kwa sababu hewa halali ni kidogo. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Ingekuwa kinyume, namba nzuri injini ikitulia na mbaya ikikanyagwa, ningeangalia pampu ya petroli, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Nikachukua koleo, nikazungushia kitambaa meno yake, nikaanza kubana mpira mmoja mmoja unaoingia kwenye manifoldi, bomba linaloigawia injini hewa, taratibu. Kijana amekaa kwenye kiti cha dereva, simu mkononi, anasoma STFT kwa sauti. Sita. Sita. Saba. Sita. Nikafika kwenye ule mpira mfupi unaovuta mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha injini. Nikaubana karibu na manifoldi. "Mbili," akasema. "Hasi tano. Hasi kumi na tano, fundi!" Kompyuta ilikuwa bado inamwaga petroli ya mazoea, na sasa hewa ya wizi imefungwa, ikabidi irudi nyuma haraka. Nilipouchomoa mpira ule, chini yake, upande ambao jicho halifiki, ulikuwa umepasuka urefu wa ukucha. Nilikata mpira mwingine kwa kipimo kile kile, wa kuhimili oili, maana ule wa maji ungelainika na kuvimba, nikakaza klipu.

Kabla sijamaliza ya huyo mama, kuna ugonjwa wetu wenyewe wa pwani: chumvi. Malori ya Gongoni na Marereni yanapita mlangoni pangu, na upepo wa kusi ukivuma, hata gari lisilobeba chumvi linapata fungu lake. Kutu ya kijani inakaa ndani ya soketi na kwenye waya za ardhi. Dalili yake ni misimbo mingi ya herufi U kwa mpigo, au kompyuta moja inayojibu leo na kunyamaza kesho. Kwa gari linalotumia waya za CAN, zile waya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia, toa kichwa cha betri, subiri dakika chache, weka mita kwenye omu, upime kati ya pini ya 6 na ya 14. Njia hiyo ina vizuizi viwili vya omu 120, kila mwisho kimoja, kwa hiyo vikiwa vizima utasoma karibu 60. Ukisoma 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, waya mbili zimegusana. Pikapu moja iliyokuwa ikishinda mashamba ya chumvi ilinipa 120. Nilifuata waya mpaka kwenye soketi iliyo chini ya zulia la abiria, pini moja ilikuwa imeliwa ikabaki unga. Tayari mwenyewe alikuwa ameambiwa anunue kompyuta nzima ya mtumba. Kompyuta yenyewe kufa ni nadra. Pima moto wake na ardhi yake kwanza, gari likiwa limewashwa, halafu ndipo uitilie shaka.

Kufuta ni hatua ya mwisho, na ukifuta unafuta yote: misimbo, ile picha ya hali ya gari, mazoea ya petroli, na majaribio ya kujikagua ambayo kompyuta ilikuwa imeshayakamilisha. Kuchomoa betri kunaleta hasara hiyo hiyo kwenye magari mengi, kwa hiyo ukienda kwa fundi usikubali betri ichomolewe kabla hajasoma.

Probox ya mama niliifuta mbele yake. Nikamwomba aende mpaka Gede na kurudi kwa mwendo wake wa kila siku, mboga zikiwemo, kijana wangu akae pembeni na simu. Waliporudi niliangalia misimbo inayosubiri, ile ambayo bado haijawasha taa. Hakuna. Injini imetulia, LTFT 3, STFT inacheza kati ya hasi 2 na 2. Sensa zake mbili za zamani aliniachia, ziko kwenye kopo. Akitaka, atazikuta.