Thérèse akigeuka ThÃ©rÃ¨se: somo la kurudisha majina

Juzi jioni mama mmoja mwenye sekretariati kwenye komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinipigia simu: “Papa, kuya uone, mashini imeharibisha majina yote ya batoto.” Nikakuta buletini (karatasi za matokeo) za darasa zima zimeshachapwa. Thérèse amekuwa ThÃ©rÃ¨se, Gisèle amekuwa GisÃ¨le, Noël amekuwa NoÃ«l. Mama alikuwa ameanza kusahihisha kwa mkono, na alipochoka akaiambia Excel ibadilishe kila “Ã” kuwa “é”. Matokeo: Gisé¨le. Hapo ndipo shida ndogo ilipogeuka kazi ya usiku mzima, kwa sababu sasa è na é zimechanganyikana.

Kwa hiyo kabla ya yote: nakili faili, weka nakala kwenye flashi, na usiiguse tena. Utafanyia kazi nakala nyingine.

Kwanza, elewa kilichotokea

Kiswahili chenyewe hakina aksenti. “Habari ya asubuhi” inapita mashini yoyote bila kuchubuka. Tabu inaletwa na majina yetu ya ubatizo na Kifaransa cha shule. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, yaani baiti. Namna ya kugeuza herufi kuwa namba inaitwa usimbaji. Kwa usimbaji wa UTF-8, é ni baiti mbili, zikiandikwa kwa heksi (namba za msingi wa 16): C3 na A9. Kwa jedwali la zamani la Windows, liitwalo Windows-1252, é ni baiti moja tu, E9. Programu ikipewa C3 A9 huku ikidhani ni Windows-1252, inasoma kila baiti peke yake: C3 ni Ã, A9 ni ©. Ndiyo hiyo Ã©.

Ni kama bei iliyoandikwa kwa dola ukaisoma kwa franka. Karatasi haina kosa, kosa ni la msomaji. Mara nyingi faili ni nzima kabisa, na ndiyo maana kusahihisha kwa mkono ni kuharibu.

Pili, soma doa

Doa, yaani zile herufi mbovu unazoziona, lenyewe linasema limetoka wapi.

Ukiona Ã©, Ã¨, Ã§: maandishi ni UTF-8, yamesomwa kama Windows-1252. Linapona.

Ukiona Th‚rŠse, yenye kitu kama mkato na S yenye kofia: faili limetoka kwenye programu ya enzi za DOS, jedwali 850, ambako é ni 82 na è ni 8A. Bado kuna ofisi zinazotunza hesabu humo, msicheke. Linapona pia.

Ukiona Th├®r├¿se kwenye dirisha jeusi la amri: huenda faili halina kosa lolote, ni dirisha tu linalotumia jedwali 850. Andika `chcp 65001` kisha tazama tena.

Ukiona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza, �: hapo tulia. Nitairudia mwishoni.

Tatu, tafuta mahali palipovunjika

Fungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa Bloc-notes (Notepad), si kwa Excel. Chini kulia inaandika usimbaji inaoutumia. Jina likionekana vizuri hapo, faili ni zima na mkosaji ni Excel: ukibofya CSV mara mbili, na faili halina alama ya utangulizi (baiti EF BB BF), Excel inalichukulia kuwa ni la jedwali la zamani. Usilifungue hivyo. Nenda Données, kisha À partir d’un fichier texte/CSV, na kwenye Origine du fichier chagua 65001 : Unicode (UTF-8). Kwa yule mama, hilo tu lilitosha kwa faili lililoletwa na shule. Lile alilolisahihisha mwenyewe tulilitupa.

Wakati wa kuhifadhi, chagua CSV UTF-8. Excel ya Kifaransa inaandika “délimité par des virgules” halafu inaweka nukta-mkato, usishtuke.

Nne, tibu kwa Python

Kama doa limeshahifadhiwa ndani ya faili lenyewe, geuza safari: rudisha herufi kwenye baiti za Windows-1252, kisha zisome kama UTF-8.

```
def ponya(s):
    try:
        return s.encode('cp1252').decode('utf-8')
    except UnicodeError:
        return s
```

Uzuri wake ni kwamba jina zima haliguswi: “Thérèse” iliyo salama inashindwa kwenye decode, na inarudi kama ilivyokuja. Lipitishe jina mojamoja, si faili lote kwa mpigo. Na kila unapofungua faili taja usimbaji: `open('majina.csv', encoding='utf-8')`. Ukiandika faili litakalofunguliwa na Excel, tumia `utf-8-sig`, inaongeza ile alama ya utangulizi.

Mtego mmoja: herufi à ni C3 A0, na A0 ikisomwa vibaya inaonekana kama nafasi tupu. Ukipitisha strip() kabla ya ponya(), à ya mwishoni inapoteza nusu yake na hairudi. Ponya kwanza, safisha baadaye.

Tano, hifadhidata

Kwenye MySQL usikisie, tazama baiti: `SELECT jina, HEX(jina) FROM wanafunzi`. Kwenye safu ya utf8mb4 (ndiyo UTF-8 kamili ya MySQL), é nzima ni C3A9. Ukiona C383C2A9, imesimbwa mara mbili. Dawa:

```
UPDATE wanafunzi
SET jina = CONVERT(CAST(CONVERT(jina USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)
WHERE HEX(jina) LIKE '%C383%';
```

Wengi wanaandika `WHERE jina LIKE '%Ã%'`. Usifanye hivyo. Mpangilio mwingi wa MySQL haujali aksenti, kwa hiyo Ã inalingana na “a” ya kawaida, na utajikuta umegusa hata majina yaliyokuwa mazima. Baada ya hapo, hakikisha na muunganisho unatumia utf8mb4. Kwa PHP ni `mysqli_set_charset($conn, 'utf8mb4')`. Bila hiyo, kesho doa linarudi.

Maswali ya wanachama

*Likasi:* Yaya, nina “Noël” mbili zinazofanana kabisa kwa macho, lakini programu inasema ni watu wawili.

Moja ina ë kama herufi moja, nyingine ina e ikifuatiwa na nukta mbili zinazojitegemea. Zote ni halali. Pitisha majina yote kwenye `unicodedata.normalize('NFC', jina)` kabla ya kulinganisha.

*Kolwezi:* Mkubwa, tunatumia wazazi SMS. Ujumbe wenye jina Noël unakatwa pesa ya SMS mbili, wa Thérèse ya moja. Wametuibia?

Hapana. Jedwali la SMS lina é, è na à, lakini halina ë, ê, ô wala ç ndogo. Herufi moja tu ya hizo inahamisha ujumbe wote kwenye usimbaji mwingine, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Hata apostrofi iliyopinda ya Word inafanya hivyo. Kwa SMS andikeni Noel. Kwenye buletini mrudishieni nukta zake.

*Kasumbalesa:* Klavie yangu ni QWERTY, é naipata wapi?

Shika Alt, andika 0233 kwenye namba za kulia. È ndogo ni 0232. Alt na 130 pia inatoa é: 130 ni ile 82 ya DOS, ikiandikwa kwa namba za kawaida badala ya heksi.

*Lubumbashi, Katuba:* Ndugu, mimi nina Th�r�se faili zima. ponya() haifanyi kitu.

Kama bado unalo faili la kwanza, lifungue kama Windows-1252 na majina yatarudi. Kama ulishabonyeza kuhifadhi, baiti za zamani hazipo tena. É na è zote zimekuwa alama moja ileile. Nenda kwa prefe (mkuu wa shule), umwombe daftari la uandikishaji, ukae na bic.