Sindano ya Ivermektini Haiui Minyoo wa Ini

Kila masika yakiisha, wafugaji wa Mwakirunge, Mtongwe na Miritini huku Mombasa hununua ivermektini, dawa ya minyoo, hudunga zizi zima, kisha hulalamika kwamba wameuziwa dawa bandia. Dawa ni nzima. Mnyoo ndiye siye.

Ivermektini humpooza mnyoo wa mviringo kupitia sehemu ya neva ambayo mnyoo bapa hana. Mnyoo wa ini ni bapa, na tegu vilevile. Wa ini hana hata tundu la haja, lakini ana viungo vya dume na vya jike pamoja, kwa hiyo hata akibaki mmoja mayai yataendelea kutoka. Ivermektini iliyochanganywa na klosuloni, dawa ya minyoo wa ini, humuua, tena aliyekomaa tu.

Nywesha albendazoli, dawa ya minyoo ya maji, na hapa hesabu haina mzaha. Kwa minyoo wa ini ng'ombe anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, wala si 7.5 kama ya minyoo wa mviringo. Ng'ombe wa kilo 300 ni miligramu 3,000: mililita 30 za dawa ya asilimia 10, au mililita 120 za ile ya asilimia 2.5. Someni lebo jamani! Chupa moja kugawiwa ng'ombe watatu kwa kukisia ni kuwalisha minyoo kwa pesa zako. Uzito upime kwa utepe, kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Mwenye mimba ya chini ya siku 45 asipewe, na maziwa yamwagwe kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo.

Albendazoli nayo huua waliokomaa tu, na mnyoo aliyemezwa leo huchukua takribani wiki 12 au zaidi kukomaa kwenye mirija ya nyongo. Basi nywesha mvua zikikatika, urudie baada ya wiki 12. Dozi moja ya Julai huwaacha wale walioingia Juni.

Kufugia bandani hakukuokoi ikiwa majani unayakata mtaroni. Konokono wa maji huachia vijidudu vya mnyoo huyu vinavyoganda kwenye mashina. Kata sehemu ya juu, shina lililozama liache hukohuko.

Ng'ombe akipona mchango huu, ukope wa ndani hurudi wekundu na maziwa hupanda.

Ukipeleka kinyesi maabara, omba kipimo cha mashapo. Mayai ya mnyoo huyu ni mazito, hayaelei, na kipimo cha kuelea kitakuambia ng'ombe ni mzima.