Kabla chuo hakijafunguliwa, mrudishe kidato cha pili

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba. Hapo katikati kuna mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa wanaoitwa, kuna kuomba chuo na mkopo, halafu kuna wiki nyingi za kukaa nyumbani tu. Wiki hizo ndizo ninazowaomba wazazi, nikiwa mwalimu wa Hisabati wa kidato cha tano na sita. Usihangaike kumnunulia mwanao vitabu vya chuo. Mtafutie daftari jipya, mrudishe kwenye aljebra ya kidato cha pili na cha tatu.

Nina sababu. Vijana wangu huja kunisalimia likizo ya kwanza ya chuo na karatasi zao za test. Nikizikagua, kalkulasi yenyewe wengi wanaijua. Kinachowaangusha ni sehemu, mabano, vipeo na vipeuo.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: mtoto anaona √(x² + 9), anaandika x + 3, anasonga mbele. Usimwekee mkasi wa kukosa ukaishia hapo. Mwambie aweke x = 4. Huku anapata √25, yaani 5. Kule anapata 7. Mwingine huvunja 1/(x + 2) kuwa 1/x + 1/2. Naye aweke x = 2: huku robo, kule moja nzima. Ameona mwenyewe, na hatasahau. Ajizoeze kujipima hivyo kwa namba ndogo kila anaposhuka mstari asio na uhakika nao, maana chuoni hakuna mwalimu wa kupita nyuma yake akichungulia daftari.

Nusu saa kwa siku inatosha, maswali machache, bila kikokotoo.

Na wewe mzazi uliyeachana na Hisabati darasa la saba, kazi yako ipo, tena kubwa. Kaa naye, onyesha mstari wowote kwenye daftari, muulize: "Hapa umetokaje huku ukafika huku?" Akueleze kwa Kiswahili. Akikujibu "ndiyo fomula ilivyo," basi hajaelewa. Aende akatafute fomula hiyo imetoka wapi. Sekondari tunawakimbiza sana na mitihani ya miaka iliyopita, na mtoto anaweza kupata alama nzuri kwa kukariri sura ya swali. Mwaka wa kwanza ataambiwa "thibitisha," na hapo kukariri hakumfikishi mbali.

Aliyesoma PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) akafanya BAM, ile Hisabati ya msingi ya wasiochukua Hisabati kamili, aongeze muda kwenye grafu na uwezekano, hasa kama anakwenda kozi yenye takwimu.

Akishafika chuoni, wiki za mwanzo huliwa na usajili, chumba na kusubiri bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo), huku vipindi vinaendelea. Asiseme atapiga msuli mtihani ukikaribia. Vyuo vingi huhesabu kazi za muhula alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo test ya kwanza ina uzito. Atafute wenzake watatu au wanne wa kudiskasi nao kila wiki, na semina asikose hata moja, kwa kuwa ndiko anakoweza kunyoosha mkono bila kuogopa ukumbi wa mamia ya watu.

Mpigie simu mara tu baada ya test hiyo. Muulize swali gani lilimshinda, na amekwenda kumwona nani kuhusu swali hilo.