Kuunganisha fankshoni zinazofanana kwenye laibrari ya Python bila kuvunjia watu kodi (code) zao

Jamaa mmoja ana laibrari ya kusoma mafaili, ndani kuna pakia, pakia_salama na pakia_mistari, kila anayeitumia lazima aulize atumie ipi. Tulizipunguza hivi.

1. Tafuta kila zinapoitwa. grep, ile komandi ya kutafuta neno ndani ya mafaili, inatosha.

2. Hapa ndo pa kutulia. Usiamini majina wala maelezo, andika testi za jinsi zinavyofanya SASA, hata unapoona kabisa hii ni bagi. Faili lisipokuwepo pakia inatupa eror, pakia_salama inarudisha None kimyakimya, pakia_mistari inakupa listi tupu, na faili likiwepo ila halina kitu unapata listi tupu ileile, sasa utajuaje? Enkodingi nayo, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili, moja imeandikiwa utf-8, nyingine imeachwa wazi ifuate mashine, kwa hiyo kwenye Linux inapita fresh, ukihamia Windows herufi zinavurugika. Masaa yote yanaishiaga hapa. Kila tofauti iamulie, watu wanaitegemea au ilitokea tu? Inayotegemewa inakuwa parameta, nyingine irekebishe na uiseme kwenye changelog, ile orodha ya mabadiliko ya kila toleo.

3. Andika fankshoni mpya. Parameta za ziada ziweke baada ya nyota (*) kwenye mabano ya def ili ziitwe kwa jina, maana pakia(njia, True, False) hata aliyeiandika wiki ijayo haelewi. Na kama parameta inabadilisha aina ya kinachorudi, mara maandishi mara listi, usiunganishe. Ndo maana pakia_mistari tuliiacha ijitegemee, tukairekebisha tu upande wa eror.

4. Ya zamani usiifute, iwe inaita mpya kwa ndani na kutoa DeprecationWarning, onyo la Python kwamba kitu kimepitwa na wakati. Kwenye warnings.warn weka stacklevel=2, ili onyo lielekezwe kwa aliyeiita!! Bila hiyo onyo linahesabika limetoka ndani ya laibrari yako, na Python kwa kawaida inaficha DeprecationWarning isipokuwa imetokea kwenye __main__ (skripti yenyewe inayoendeshwa), yaani mtu anaendesha skripti yake na haoni chochote. pytest, tuli ya kuendesha testi, inayaonyesha, ila kama watumiaji wako sio watu wa testi mi ningetumia FutureWarning moja kwa moja, hiyo haifichwi.

5. Kufuta ni kwenye toleo kubwa, namba ya kwanza inapobadilika, sio 1.4 kwenda 1.5. pandas, laibrari ya kuchambua data, walianza kuonya kuhusu DataFrame.append kwenye 1.4, wakaitoa 2.0 mwaka 2023. Au usifute kabisa, subprocess.run, ya kuendesha programu nyingine, ililetwa na Python 3.5 mwaka 2015 na check_output ya zamani bado ipo mpaka leo. Ukifuta, kwenye changelog weka mstari wa zamani na chini yake mpya, watu wakopi wapesti.