Somo: Kuchagua tamthilia ya muziki ya kwanza, hata kama umeizoea kwenye katuni

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmenitafuta pembeni na swali lile lile: mtu ambaye hajawahi kuona tamthilia ya muziki jukwaani aanzie na ipi? Wengine mna safari za kikazi za nje, wengine mnataka kuwakusanya watoto mbele ya projekta likizo ya Desemba. Naliandika kama somo ili tulipate sote kwa pamoja, na maswali yaliyokwisha kufika nimeyajibu mwishoni.

Tamthilia ya muziki ni igizo ambalo nyimbo ndizo zinazosukuma hadithi. Ukiondoa wimbo mmoja, hadithi inabaki na pengo. Aliyewahi kuhudhuria tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, hapa Dodoma, akawaona akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamebana ngoma mapajani, wanapiga, wanaimba na kucheza kwa wakati mmoja, hatashangaa mtu jukwaani akiacha kuzungumza na kuanza kuimba. Tuliokulia huku tumeshavuka kikwazo ambacho wageni wengi wa sanaa hii hukwama nacho.

Hatua ya 1: Sikiliza nyimbo kabla ya kuona picha

Hii naisisitiza kuliko zote. Tamthilia kubwa karibu zote zina albamu iliyoimbwa na waigizaji wenyewe, inapatikana mtandaoni, na kusikiliza hakumalizi bando kama video. Weka simu mezani huku unapika, sikiliza nyimbo tatu za mwanzo, halafu jiulize: nimemjua mhusika mkuu? Nimejua anatamani nini na nani anamzuia?

Chukua wimbo unaofungua hadithi ya Beauty and the Beast. Ndani ya dakika chache tu umeshamjua binti anayependa vitabu, kijiji kinachomwona wa ajabu, na Gaston aliyeapa kumuoa hata kama binti hataki. Hakuna msimulizi aliyesimama kutueleza, yote yameimbwa na watu wanaonunua mikate na kusalimiana njiani. Hilo halikutokea hivi hivi. Watunzi wake, Alan Menken na Howard Ashman, walikuwa watu wa jukwaa kabla ya kuingia kwenye katuni. Mwaka 1982 walishatoa Little Shop of Horrors. Kwa hiyo katuni ya 1991 ilikuwa na mifupa ya jukwaa tangu mwanzo. Ilipohamia Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, mwaka 1994 ilikaa huko hadi 2007.

Kama nyimbo hazikushiki ukiwa jikoni, mavazi na taa havitakuokoa. Tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Uliza jukwaa limeongeza nini

Wengi huchagua katuni wanayoipenda zaidi wakidhani wataiona ile ile, ila na watu hai. Mimi nasema chagua ile ambayo jukwaa limeipa kitu ambacho katuni haina. Mchoraji anaweza kumrusha simba angani bila shida. Jukwaani kila kitu lazima kifanywe na mwili wa mtu aliye mbele yako, usiku huo huo, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa kipimo hicho, The Lion King ndiyo naiweka juu. Katuni ilitoka 1994, na tamthilia ikafunguliwa Broadway Novemba 1997 chini ya mwongozaji Julie Taymor, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tony, tuzo kubwa ya maonyesho ya Broadway, ya uongozaji wa tamthilia ya muziki. Taymor hakuwaficha waigizaji ndani ya manyoya. Kinyago cha simba kinakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko wazi chini yake, kwa hiyo unamwona mnyama na mtu kwa pamoja. Twiga ni mtu aliyeinama juu ya mironjo minne, miwili mikononi na miwili miguuni. Swala wanaruka juu ya kifaa cha magurudumu ambacho mtu anakisukuma waziwazi kukatiza jukwaa. Na pale majike ya simba yanapomlilia Mufasa, mfalme wao aliyekufa, waigizaji wanavuta utepe mrefu kutoka machoni mwao, ndiyo machozi hayo. Kila mtu ukumbini anaona kwamba ni utepe, na bado watu wanalia. Katuni haiwezi kukupa hilo.

Muziki nao umeongezwa. Mbali na nyimbo za Elton John na Tim Rice, kuna kwaya na nyimbo zilizosimamiwa na Lebo M wa Afrika Kusini, na sauti ya kwanza kabisa unayoisikia pazia likifunguka ni ya Kizulu. Nyani anayeitwa Rafiki, ambaye kwenye katuni ni dume, jukwaani ni mwanamke, na ndiye anayetoa ukelele huo. Sikiliza pia Shadowland, wimbo wa Nala, simba jike kijana, anapoaga nchi iliyokauka akatafute msaada. Mtu aliyeona kiangazi cha huku kwetu kikibana hadi Novemba hahitaji kufafanuliwa.

Shrek ni mfano wa aina nyingine. Filamu ya 2001 ilitegemea sana nyimbo zilizokuwepo tayari, hivyo kwa ajili ya jukwaa, mwaka 2008, ilibidi zitungwe mpya. Muziki ni wa Jeanine Tesori. Adui wa hadithi, lile bwana fupi Farquaad, kwenye onyesho la Broadway liliigizwa na mtu mrefu aliyetembea kwa magoti onyesho zima, vijiguu vya bandia vikining'inia mbele yake. Watoto hucheka mpaka wanasahau kumeza mate.

Frozen (katuni 2013, Broadway 2018) ina sauti nzuri na mavazi ya ajabu, ila kwangu inategemea mno wimbo mmoja ambao kila mtoto anaujua, Let It Go. Waandaaji wanalijua hilo, wakauweka mwisho wa sehemu ya kwanza ili ukienda mapumziko uende nao. Aladdin ni ya burudani, rangi na kucheza. Zote mbili si mbaya, ila nisingeanza nazo.

Hatua ya 3: Umri na muda

Tamthilia nyingi za aina hii huchukua takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko. Mtoto wa miaka sita na kuendelea kwa kawaida anaweza. Chini ya hapo, mgawie nyumbani: sehemu ya kwanza leo, ya pili kesho.

Hatua ya 4: Utaionea wapi

Dodoma hatuna ukumbi wenye tamthilia hizi kila wiki, kwa hiyo wengi mtaanza na video halali. Shrek ilirekodiwa ukumbini Broadway na kutolewa 2013. Epuka vipande vilivyoibwa kwa simu kutoka viti vya nyuma. Sauti inakwaruza, picha inacheza, na mtoto atasema jukwaa halina maana. Spika ni muhimu kuliko ukubwa wa picha, kwa hiyo kama pesa ni ndogo kodi spika nzuri na picha uitupe kwenye shuka jeupe. Fanyeni ndani. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa hapa utalibeba shuka lenu.

Na msijifungie kwenye katuni. Kwa vijana wa sekondari ningeanza na Sarafina! ya Mbongeni Ngema. Wengi mnaijua filamu ya 1992, lakini ilizaliwa jukwaani Johannesburg mwaka 1987 na kufika Broadway 1988, ikiwa na hadithi ya wanafunzi wa Soweto na maandamano ya 1976. Hapo mtaona nyimbo zikifanya kazi nzito kuliko kuchekesha.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kisasa:* Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka minne, haoni wala hasikii zaidi ya Elsa wa Frozen. Nimlazimishe simba?

Marahaba mama. Usimlazimishe. Kwa umri huo mapenzi yake ndiyo mlango, muanzishe na nyimbo za Frozen ya jukwaani, hasa zile ambazo hazimo kwenye katuni. Akianza kuziomba zile mpya, ujue ameshaanza kusikiliza hadithi, siyo gauni tu. Nilichosema hapo juu ni kwa mwenye uhuru wa kuchagua.

*Mwanachama wa Nkuhungu:* Kaka, nimeshaona The Lion King ya 2019. Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana kaka. Hiyo ya 2019 ni filamu ya kompyuta inayoiga wanyama halisi. Ya jukwaani ni kazi nyingine kabisa, na vinyago nilivyoeleza hutavikuta humo. Anza na albamu ya waigizaji wa Broadway.

*Mwanachama wa Ipagala:* Bibi yetu hajui Kiingereza. Tumuache nje?

Hata kidogo. Kabla ya kuanza, msimulieni hadithi yote kwa Kiswahili au Kigogo, pamoja na mwisho wake. Asiyehangaika kujua kitakachotokea anapata nafasi ya kuangalia kinavyotokea. Ila msimtafsirie katikati ya wimbo, mtamkosesha vyote viwili.

*Mwanachama wa Majengo, mwalimu wa msingi:* Mwalimu mwenzangu, tunataka watoto wetu waigize ya simba siku ya wazazi. Tunaweza tu kuchukua nyimbo tukaimba?

Mwenzangu, kuigiza hadharani kunahitaji kibali cha wenye haki. Kwa kazi za Disney anayetoa leseni ni kampuni ya Marekani, Music Theatre International. Wana matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto: la The Lion King kwa wadogo ni la takriban dakika 30, na la wakubwa kidogo ni kama saa moja. Leseni huja na maandishi ya igizo na muziki wa kuimbia, hivyo kukosa mpiga kinanda si tatizo. Waandikieni mapema mjue gharama. Ikizidi uwezo wa shule, chukueni hadithi moja ya Wagogo kutoka kwa wazee wa hapo hapo, mtunge nyimbo nne au tano kwa marimba na zeze. Kwa darasa ambalo halijawahi kupanda jukwaani mimi ningependa hiyo ya pili hata kama pesa ipo.

*Mwanachama wa Area D:* Naenda London kikazi, nina jioni moja tu ya bure. Nifanyeje na tiketi?

Dada, The Lion King iko ukumbi wa Lyceum tangu 1999. Tazama kwanza tovuti ya ukumbi wenyewe, halafu kibanda cha TKTS pale Leicester Square kinachouza tiketi za punguzo za maonyesho mbalimbali. Usinunue kwa mtu wa barabarani. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua kiti cha chini kilicho kando ya njia ya kupitia, kwa sababu wanyama wa mwanzo, tembo akiwemo, huingilia nyuma ya watazamaji na kupita hapo hapo. Fika mapema. Wimbo wa kwanza ndio wenye msafara huo, na ukichelewa hawatauanza upya kwa ajili yako.