Unaruka kwenda Marekani? Taarifa zako zikae sawa mapema

Kama unasafiri kwenda Marekani, unatoka huko au unaruka tu ndani kwa ndani, jua kwamba kabla hujapewa bodingi pasi jina lako linapita kwanza kwenye mfumo unaitwa Secure Flight. Ni wa TSA, wale wa usalama wa usafiri, na kazi yake ni kulinganisha abiria na orodha ya watu wanaofuatiliwa. Zamani kila shirika la ndege lilikuwa linajikagulia lenyewe, tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 ndo ikashauri kazi hio ifanywe na serikali, mashirika yakaanza kuingizwa 2009 na mpaka mwisho wa 2010 yote yalikuwa ndani.

Wanachotaka ni jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Watu wanalalamika tarehe na jinsia za nini, lakini kiukweli hizo ndo zinakutetea wewe, maana kama jina lako liko la kawaida sana na kuna mtu mwingine anatafutwa mwenye jina hilohilo, kinachowatenganisha nyie wawili ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa hio usibahatishe. Na angalia mpangilio, Wamarekani wanaanza na mwezi halafu siku, sasa ukiandika 03/07 ukimaanisha tarehe 3 mwezi wa 7 wao wanasoma Machi 7.

Ila penye shida kubwa ni jina. Sheria ni kwamba liandikwe kama lilivyo kwenye hati utakayosafiria, sio la Facebook, sio la kazini, na kama umeolewa ukabadilisha jina lakini pasipoti bado ina la zamani basi tiketi nayo ikatwe kwa la zamani. Wenye majina matatu ndo tunachanganyikiwa zaidi, hatujui lipi la ukoo lipi sio. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, chini kabisa kuna mistari miwili yenye alama kama hizi <<<, kwenye ule wa juu baada ya herufi za nchi linaanza jina la ukoo, halafu << mbili, halafu majina mengine yote. Fuata hivohivo. Ukiona bodingi pasi imeunganisha majina au imekata la kati usipaniki, ni mifumo ya mashirika haina nafasi, na herufi moja badala ya jina la kati kwa kawaida haileti shida. Jina la ukoo kukosewa ndo hapana, hilo lirekebishwe.

Watoto nao wajazie, hata mchanga wa kupakatwa.

Muda je? Shirika linatuma taarifa zako TSA kuanzia saa 72 kabla ya ndege kuondoka, ukikata tiketi ndani ya hizo saa zinaenda hapohapo. Mi nashauri uhakiki siku ileile unayokata, sio usiku wa kuamkia safari. Kosa linarekebishwa na shirika la ndege au wakala aliyekukatia, TSA hawagusi buking yako, na wakala mzuri atakuuliza pasipoti kabla ya kukata, asipouliza mtumie wewe mwenyewe picha ya pasipoti.

Pasipoti yenyewe, namba yake, mwisho wa matumizi, uraia na anwani utakayofikia, hizo ni za watu wa forodha na uhamiaji, ni kitu kingine, kwa hio usishangae kuulizwa mara mbili. Anwani ya unapofikia iandike kwenye simu na kwenye karatasi, watu wengi wanakwama hapo.

Kuna wanaosumbuliwa kila safari bila kosa, wanakuta SSSS kwenye bodingi pasi, yaani ukaguzi wa ziada. Ikitokea mara moja nenda tu mapema, kaguliwa, panda ndege. Ikijirudiarudia omba kupitia DHS TRIP, mpango wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani wa kushughulikia malalamiko ya wasafiri, utapewa namba ya tarakimu 7, na hio namba haijiingizi yenyewe, lazima uijaze kila unapokata tiketi mpya, shirika lolote lile.